Duka la Baisikeli na Mabadiliko ya Soko

Duka la baisikeli ni mahali padogo. Mbele yake huning'inia tairi na tyubu, ndani mna harufu ya mpira, gundi na grisi, na karibu na mlango, aghalabu kivulini mwa mti au chini ya kibanda cha mabati, huketi fundi na beseni lake la maji, pampu, na spana chache. Karibu kila mji wa soko katika Kenya una mahali pa namna hii. Kwa kuwa tumepazoea, twapapita kila siku bila ya kuwaza kwamba pana historia ndefu, na kwamba historia hiyo ina mafunzo kwa kila mtu anayetaka kula jasho lake mwenyewe.

Makusudi ya insha hii ni kukueleza, msomaji, historia hiyo kwa ufupi, kisha kujibu swali moja. Zamani mtu aliyetaka baisikeli hakuwa na njia ila kwenda katika duka la baisikeli. Leo aweza kuinunua katika duka kubwa linalouza mchele, sabuni na magodoro. Aweza kuiagiza kwa simu akiwa amelala kitandani. Aweza hata kuiacha kabisa akapanda pikipiki. Ikiwa mambo ni hivyo, duka dogo la baisikeli litaishi kwa kitu gani?

Kwanza yatupasa kujua jinsi chombo chenyewe kilivyopatikana. Mwaka 1817 Mjerumani mmoja, Karl Drais, alitengeneza chombo cha mbao chenye magurudumu mawili, ambacho mpandaji alikiendesha kwa kusukuma ardhi kwa miguu yake. Katika miaka ya 1860 mafundi wa Ufaransa walitia pedeli katika gurudumu la mbele. Baadaye gurudumu hilo lilifanywa kubwa kupita kimo cha mtoto, ili mzunguko mmoja wa pedeli umpeleke mpandaji mbali. Lakini aliyeanguka kutoka juu yake alianguka vibaya. Mwaka 1885, katika mji wa Coventry, Uingereza, John Kemp Starley alitoa baisikeli yenye magurudumu yaliyokaribia kulingana, na mnyororo uliozungusha gurudumu la nyuma. Ukiitazama baisikeli ya leo utaona kwamba ni mjukuu wa ile. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1888, John Boyd Dunlop, daktari wa wanyama aliyekaa Belfast, alipewa hati ya uvumbuzi wa tairi lenye upepo ndani yake.

Tairi la Dunlop liliondoa mtikiso uliowachosha wapandaji, lakini lilileta pancha, na pancha ikaleta fundi. Hii ndiyo asili ya duka la baisikeli. Baisikeli ni chombo imara chenye udhaifu mdogo wa kila siku: mwiba huchoma, mnyororo hulegea, breki huisha, gololi hukauka mafuta. Tafadhali liweke jambo hili moyoni, kwa maana tutalirudia.

Sasa twende Marekani, kwa kuwa huko ndiko tufani ya kwanza ya soko ilikoyapiga maduka haya. Mwaka 1892 ndugu wawili, Wilbur na Orville Wright, walifungua duka la baisikeli katika mji wa Dayton, jimbo la Ohio. Wakati huo nchi nzima ilikuwa imeshikwa na shauku ya baisikeli, na mji wao ulikuwa na maduka mengine mengi ya kazi ile ile. Walianza kwa kutengeneza, kuuza na kukodisha. Baisikeli nzuri iliweza kuuzwa kwa dola 100, fedha ambazo mfanyakazi wa kawaida hakuzipata ila kwa kazi ya miezi miwili au zaidi; kwa hiyo aliyekuwa nayo aliitunza, na aliyeitunza alimhitaji fundi.

Faida ilipoonekana, viwanda viliongezeka upesi. Mashine mpya zilifanya baisikeli kwa maelfu, na bei ikaporomoka. Maduka makubwa ya mijini yaliyokuwa yakiuza nguo na vyombo vya nyumbani yakaanza kuuza na baisikeli. Makampuni ya kuuza kwa posta, kama lile la Sears wa Chicago, yalipeleka vitabu vyenye picha na bei hadi mashambani. Mkulima alichagua katika kitabu, akatuma fedha, akaletewa sanduku kwa gari la moshi. Waona, msomaji, kwamba ununuzi wa mbali, ambao leo twauhesabu kuwa jambo jipya, una babu yake. Mwaka 1899 viwanda zaidi ya 40 viliungana kuwa kampuni moja kwa nia ya kulitawala soko. Mwaka huo huo Marekani ilifanya baisikeli zaidi ya milioni moja. Lakini mwaka 1902 kampuni ile kubwa ilishindwa kulipa madeni yake, na kufikia mwaka 1904 baisikeli zilizofanywa nchini humo zilikuwa kama 250,000 tu. Wenye fedha walikuwa wamekwisha kugeuza macho yao kwenye motokaa.

Je, wale ndugu wa Dayton walifanya nini tufani hiyo ilipovuma? Hawakujaribu kushindana na viwanda kwa wingi wala kwa rahisi. Mwaka 1896 walianza kuunda baisikeli zao wenyewe, chache chache, kwa mkono. Mojawapo waliiita Van Cleve, jina la wazee wa ukoo wao waliokuwa miongoni mwa walowezi wa kwanza wa Dayton. Walibuni kitovu cha gurudumu kilichoweka mafuta ndani yake kisikauke upesi. Hawakuiacha kazi ya kutengeneza. Mteja aliyenunua kwao alijua nani ameiunda baisikeli yake, na alijua mlango wa kurudi ikimharibikia. Wakati wa baridi kazi ilipopungua, walitumia karakana ile ile kwa majaribio ya kuruka angani. Mwaka 1901 walimwajiri fundi Charles Taylor aliangalie duka wao wanapokuwa safarini, na fundi huyo ndiye baadaye aliyeunda injini ya ndege yao. Tarehe 17 Desemba 1903, huko Kitty Hawk katika North Carolina, ndege hiyo iliruka kwa muda wa sekunde 12. Mapanga yake yalizungushwa kwa minyororo, mfano wa ile ya baisikeli, na gharama zake zililipwa kwa faida ya duka.

Sisemi kwamba kila fundi wa pancha ataunda ndege. Mfano wa Dayton una maana nyingine. Wale ndugu walikuwa na bidhaa, na walikuwa na ufundi. Bidhaa ziliposhuka thamani, ufundi haukushuka. Habari ya namna hiyo yaonekana penginepo pia. William Morris wa Oxford, Uingereza, alianza mwaka 1893, akiwa kijana wa miaka 16, kutengeneza baisikeli nyumbani kwa wazazi wake. Mwaka 1913 alitoa motokaa yake ya kwanza. Soichiro Honda wa Japani, mtoto wa mhunzi aliyekuwa akitengeneza baisikeli, mwaka 1946 alifunga injini ndogo zilizobaki kutoka jeshini juu ya baisikeli za kawaida, na huo ukawa mwanzo wa pikipiki zake. Hata pikipiki, basi, ambayo leo twaiona kuwa adui wa baisikeli, imezaliwa katika karakana ya baisikeli.

Tufani hiyo ilipokuwa ikivuma Marekani, baisikeli ilikuwa ndiyo kwanza inaingia katika nchi yetu. Reli ilianza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896, ikafika Kisumu mwaka 1901. Pamoja na reli waliendelea wafanya biashara kutoka Bara Hindi, ambao mkubwa wao katika siku zile alikuwa Allidina Visram, mwenye maduka kutoka pwani hadi Uganda. Katika vituo vya reli na katika miji iliyochipuka kandokando yake pakafunguliwa maduka ya nguo, chumvi, taa na majembe, na baadaye ya cherehani na baisikeli. Baisikeli hizo zilitoka Uingereza, nazo zilikuwa nzito, nyeusi, zenye kudumu: Raleigh ya Nottingham, Hercules na BSA za Birmingham.

Waliozipanda mwanzoni walikuwa wachache: wamisionari, maofisa wa serikali, machifu. Baadaye zikawafikia walimu, makarani, matarishi na makatekista, kisha wauza maziwa, wauza kuku, wavuvi na wachuuzi. Kwa mtu wa mshahara mdogo, baisikeli ilikuwa mali iliyowekewa akiba kwa muda mrefu. Karia yake ilibeba gunia la mahindi, mgonjwa wa kupelekwa hospitali, na bibi arusi. Katika siku zile mwenye duka wa mjini alikuwa karibu ni mfalme wa bidhaa yake: aliyeikataa bei yake ilimbidi aende mji mwingine. Aghalabu mwenye duka alikuwa Mhindi, na fundi aliyekaa barazani na cherehani au spana alikuwa Mwafrika. Karibu na fundi huyo walisimama vijana, wakishika hiki na kupokea kile, na kwa kushika na kupokea wakajifunza kazi bila ya daftari wala cheti.

Uhuru ulipopatikana mwaka 1963, biashara nayo ilianza kubadili mikono. Sheria ya leseni za biashara ya mwaka 1967 iliwawekea mipaka wafanya biashara wasiokuwa raia, katika mahali pa kufanyia kazi na katika bidhaa za kuuza. Baadhi yao walihama, wengine walikuwa raia au wakawa raia wakabaki, na maduka mengi yakapata wenyewe wapya. Hapa pia ndipo thamani ya baraza ilipoonekana. Kijana aliyejifunza kazi huko hakuhitaji mtaji mkubwa kujitegemea: mti wa kivuli, beseni, pampu, na jina jema vilimtosha kuanza.

Zama hizo hizo, huko Busia katika mpaka wa Kenya na Uganda, wenye baisikeli walianza kuwabeba wasafiri na mizigo yao baina ya vituo viwili vya mpakani, wakiwaita kwa neno la Kiingereza lenye maana ya mpaka, lililogeuka ndimini mwao kuwa "boda, boda". Kazi hiyo ilienea Kisumu na miji mingine ya magharibi, hata jina likawa la nchi nzima. Kati ya mwaka 1986 na 1989 serikali ilipunguza sana kodi ya baisikeli zilizotoka ng'ambo, na watu wengi zaidi wakaweza kuzinunua. Pamoja na zile za Uingereza zikaja za India, kama Hero ya Ludhiana, na za China, kama Phoenix ya Shanghai. Kiti cha nyuma kikashonewa sponji na vitambaa vya rangi, na wenye baisikeli wakapata riziki ya kila siku. Mwenye baisikeli ya abiria huimaliza tairi upesi kuliko mwalimu anayekwenda shule na kurudi. Kwa hiyo maduka ya vipuri na mafundi wa barazani walishiba pamoja nao. Huo ulikuwa msimu wa mavuno.

Kisha tufani ikavuma kwetu pia, tena kutoka pande tatu. Ya kwanza ilitoka barabarani. Mwaka 2008 serikali iliondoa kodi ya ongezeko la thamani katika pikipiki ndogo zisizozidi sentimita za ujazo 250. Katika miaka michache pikipiki zilijaa, na jina la bodaboda likahama kutoka baisikeli likaingia katika pikipiki. Abiria alitaka kufika upesi, naye hana lawama. Ya pili ilitoka katika maduka makubwa ya mijini, ambayo yalipanga baisikeli za watoto na za watu wazima safu kwa safu, zenye rangi za kuvutia na bei iliyobandikwa. Ya tatu ilitoka katika simu. Tangu mwaka 2007 M-Pesa imewazoeza Wakenya kutuma fedha bila ya kuonana, na maduka ya mtandaoni, kama Jumia iliyofunguliwa Kenya mwaka 2013, yakawawezesha kununua bila ya kuonana pia.

Msomaji mwenye haraka atasema: basi, habari ya duka dogo imekwisha. Lakini historia haina haraka. Itazame Nakumatt, duka kubwa lililozaliwa Nakuru, likaeneza makumi ya matawi katika Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda. Madeni yalilizidi nguvu, na mwaka 2020 waliolidai walikata shauri lifungwe. Kumbuka ile kampuni ya viwanda zaidi ya 40 huko Marekani. Zimeachana karibu miaka 120, na mwisho wao umefanana. Ukubwa una faida zake, lakini si hirizi ya kuzuia mauti. Wala soko haliendi njia moja milele. Mwaka 2020 maradhi ya Korona yalipoifunga miji ya dunia, watu katika nchi nyingi waliirudia baisikeli kwa wingi hata viwanda vikashindwa kuwatosheleza.

Pamoja na hayo, kuanguka kwa mkubwa hakumnenepeshi mdogo. Duka dogo haliwezi kuishi kwa kungoja wengine wafe. Hapana budi lijue riziki yake iko wapi, na kwa hilo nakuomba ufanye hesabu pamoja nami. Tuseme mwenye duka amenunua baisikeli kwa shilingi 12,000 akaiuza kwa shilingi 13,500. Faida yake ni shilingi 1,500, nayo imekuja mara moja. Tuseme tena kwamba mwenye baisikeli hiyo, katika mwaka mmoja, ataziba pancha kumi kwa shilingi 50 kila moja. Atabadili tairi na mnyororo, ambavyo vitaacha dukani faida ya shilingi 400. Na atalipa shilingi 300 kwa kunyooshewa magurudumu na kutiwa grisi. Jumla ni shilingi 1,200 kwa mwaka. Kwa miaka mitano ni shilingi 6,000, yaani mara nne ya ile faida ya kuuza. Zaidi ya hayo, fedha hizi zaweza kuja kwa fundi hata kama baisikeli ilinunuliwa kwingine. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba cha duka la baisikeli hujazwa na pancha.

Hapa ndipo penye jibu la swali letu. Duka kubwa laweza kuuza baisikeli, lakini halitaki kuchafua sakafu yake kwa grisi. Simu yaweza kuileta ndani ya sanduku, lakini haiwezi kuifunga breki. Baisikeli yaweza kununuliwa popote duniani. Ikiharibika huharibikia palepale mwenyewe alipo, naye huhitaji mtu aliye karibu. Ukaribu huo, ukitiwa ufundi na uaminifu, ndio mali ambayo hakuna duka la mbali liwezalo kuinyang'anya. Duka lililojifanya rafu ya kuuzia tu litashindwa na rafu kubwa kuliko yake. Duka lililojifanya karakana lina nafasi ya kuishi.

Kutokana na jibu hilo hufuata mambo kadhaa. La kwanza ni kumpokea mteja aliyenunua kwingine. Wako mafundi ambao, mtu akiwaletea baisikeli ya sanduku iliyofungwa vibaya, humcheka na kumwambia airudishe alikoitoa. Hilo ni kosa la hasira. Mtu huyo ameleta fedha mlangoni. Akifungiwa baisikeli yake vizuri, akaonyeshwa jinsi ya kuitunza, na akatozwa malipo ya haki, safari ijayo ataanzia hapo. Biashara haigombi.

La pili ni uaminifu katika vipuri. Tyubu mbovu iliyouzwa kwa bei ya nzuri humletea muuzaji faida ya siku moja na hasara ya miaka. Mteja wa duka la mbali akipunjwa hana wa kumkabili. Mteja wa duka la karibu akipunjwa huwaambia jirani zake wote kabla jua halijatua. Kwa hiyo ukaribu ni upanga wenye makali mawili: humlinda mwaminifu, humkata mdanganyifu. Fundi mwema humwambia mteja wazi kwamba kipuri hiki ni rahisi lakini hakidumu, na hiki ni ghali lakini kinadumu, kisha humwacha achague.

La tatu ni kuungana. Mwenye duka moja anayenunua tairi kumi hulipa bei ya juu. Wenye maduka kumi wanaonunua tairi mia kwa pamoja waweza kupata bei ya jumla. Wakulima wa kahawa na wafugaji wa ng'ombe wa maziwa katika Kenya wamekuwa na vyama vya ushirika kwa miaka mingi, wakauza pamoja kile ambacho mmoja mmoja wasingekiuza vizuri. Sioni sababu kwa nini wenye maduka ya baisikeli wasiweze kununua pamoja namna hiyo hiyo. Hawana haja ya kupendana sana. Yatosha wawe na daftari safi la hesabu.

La nne ni kujifunza bila ya kukoma. Fundi wa miaka ya 1950 alijua mnyororo mmoja na breki ya vyuma. Wa leo huletewa baisikeli za gia nyingi na breki za mafuta, na za umeme zimeanza kuonekana nazo. Aliyesema "hii siijui, iondoe" ameufunga mlango wake kwa mkono wake. Simu ile ile iliyomnyang'anya mauzo yaweza kumfundisha kazi mpya, kumpokelea malipo, na kumtangazia jina. Shirika la World Bicycle Relief, lililoanzishwa mwaka 2005 na ambalo limefanya kazi katika nchi kadhaa za Afrika pamoja na Kenya, lilitambua mapema kwamba kumpa mwanafunzi baisikeli bila ya kumwachia fundi karibu ni kumpa nusu ya msaada. Kwa hiyo limefundisha mafundi wa vijijini pia.

La tano ni lile ambalo halihesabiki kwa shilingi. Karibu na Kikuyu, mahali paitwapo Mai-a-ihii, mwendesha baisikeli mashuhuri wa Kenya, David Kinjah, kwa miaka mingi amewakusanya vijana nyumbani kwake, akiwafundisha kushindana na kutengeneza baisikeli zao kwa mikono yao. Mmoja wa vijana waliopita mikononi mwake alikuwa Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985, ambaye alikuja kushinda mbio za Tour de France mara nne: mwaka 2013, 2015, 2016 na 2017. Lakini hata kama Froome asingeshinda hata mara moja, nyumba ile ingekuwa imefanya kazi yake, kwa kuwa vijana wengine wengi walitoka humo na ufundi na adabu ya kazi. Mahali wanapojifunza vijana hapasahauliki upesi na wazazi wao.

Yafaa tutende haki kwa upande wa pili pia. Mnunuzi hana wajibu wa kulilisha duka kwa huruma. Ikiwa duka la karibu ni ghali, chafu, na lina maneno makali, mtu akienda kwingine hatendi dhambi. Wala si kila duka litaokoka. Mengine yatafungwa, na wenyewe watatafuta kazi nyingine, kama walivyofanya wengi huko Marekani zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Serikali nayo ina sehemu yake. Umeona jinsi kodi iliyopunguzwa katika miaka ya 1980 ilivyoziongeza baisikeli, na jinsi kodi iliyoondolewa mwaka 2008 ilivyoziongeza pikipiki. Barabara isiyo na njia ya wapanda baisikeli humfukuza mpandaji, na mpandaji akifukuzwa fundi hukaa bure. Soko si mvua inyeshayo bila ya mkono wa mtu. Sehemu yake hutengenezwa na sheria, na sheria hutengenezwa na watu, nawe siku moja utakuwa mmoja wao.

Lakini fikiri mahali pasipo na fundi. Mwanafunzi anayekaa kilomita nane kutoka shuleni hupata pancha Jumatatu, na baisikeli hulala ukutani hadi mwisho wa mwezi. Mwuza maziwa hukatika mnyororo alfajiri, na maziwa huchacha kabla ya kufika sokoni. Mama anayemkimbiza mtoto zahanati huiacha baisikeli njiani akaenda kwa miguu. Hao ndio wanaopata hasara duka linapofungwa, na hasara yao haiandikwi katika magazeti. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na kijiji kisichoweza kuziba pancha ya shilingi 50 hulipa gharama kubwa kuliko hiyo kwa namna nyingine.

Kwa hiyo, msomaji, utakapopita tena mbele ya duka la baisikeli, litazame kwa macho mapya. Ukiwa mnunuzi, uliza bei, uliza pia nani ataitengeneza ikiharibika. Ukiwa mtoto wa mwenye duka, usiione haya grisi ya mikononi mwa baba au mama yako. Na ukiwa kijana unayetafuta kazi ya kushika, jua kwamba bidhaa hupanda na kushuka bei, bali ufundi ulioingia mikononi huenda na mwenyewe kila mahali, soko likiwa jema au likiwa baya.